Kokwa Bado Jeupe

Ipyana wakala alipiga simu siku tano kabla mwezi haujafa.
"Mama Bupe, gari liko bandarini. Dogo, la bluu,
halinywi hata tone la petroli.
Ukilipia kabla ya tarehe thelathini, saa sita usiku,
msamaha wa kodi unakukuta mlangoni.
Ukichelewa dakika moja, ongeza milioni nne na laki mbili."

Milioni nne na laki mbili.
Niliiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko,
chini ya deni la mbolea nililokwisha kulipa
na sijalifuta, ili linitie adabu.

Pesa ninazo. Ila bado ziko mtini.
Miti themanini, mteremko mzima hadi mtoni,
maparachichi yamening'inia ndani ya ukungu wa Juni
kama watoto waliokataa kuamka.

Kesho yake dalali akaja na fuso tupu kutoka Uyole,
harufu ya dizeli ikamtangulia kuingia.
"Nachuma yote leo. Mia tisa kwa kilo, taslimu."
"Agosti wananunua elfu moja mia sita."
"Agosti, mama, ni Agosti."
Sijui nani alimwambia, lakini alijua
kwamba tarehe imenishika koo.

Nikachukua kisu, nikapasua tunda moja mbele yake.
Ganda la kokwa jeupe, jeupe kama jino la utotoni.
Ukilichuma hivyo litasinyaa sandukuni,
litakuwa gumu kama soli ya kiatu,
na mtu wa mbali atalitupa akiilaani Rungwe nzima.
Dalali akatazama pembeni, akafuta pua.

Ngojangoja huumiza matumbo.
Haraka haraka haina baraka.
Wahenga walinipa zote mbili, wakaenda kulala,
wakaniacha na mkaa mkononi.

Kilo elfu sita na mia moja.
Shilingi mia saba hasara, kila kilo.
Nikazidisha, nikakosea, nikazidisha tena:
milioni nne, laki mbili, elfu sabini.
Yaani ili nikwepe kodi ya serikali
nimlipe dalali kodi kubwa zaidi,
tena isiyo na risiti.
Nilicheka mpaka mbwa akabweka.

Lakini msidhani nililala.
Usiku wa thelathini baridi ilishuka kutoka mlimani
ikakaa nami jikoni, simu iko mezani.
Saa tano na nusu. Saa sita kasoro kumi.
Ipyana alikuwa amenieleza kwamba gari lile
likiteremka mlima linajichaji lenyewe.
Nimeishi milimani miaka hamsini na minne;
kuteremka hakujawahi kunilipa chochote.

Saa sita kasoro dakika tatu umeme ukakatika,
kijiji kizima, hata redio ya jirani.
Kwa hiyo dakika yenyewe sikuiona.
Ilipita gizani bila kupiga hodi.

Sasa ni Julai. Gwakisa wa ng'ambo ya mto
aliwahi lake, jeupe; aliuza ng'ombe wote wawili wa maziwa.
Linapita kimya. Kuku wangu hawajajifunza
kukimbia kitu kisichonguruma.
Ameshagonga mmoja. Alikuja kuomba radhi,
umande umemlowesha hadi magotini,
na alipomaliza akasimama, akakohoa, akauliza
kama nina maziwa ya kumuuzia.

Nilimpa kikombe bure. Sikusema neno.
Kisha nikaomba nikae garini mwake kidogo tu.
Kiti kilikuwa na joto, joto linalotoka ndani ya kiti chenyewe,
nami nikachelewa kushuka.

Jana nimepasua tunda jingine.
Ganda la kokwa limeanza kushika rangi ya chai,
upande mmoja.